Kuchora mwili wa uchi ndani ya mandhari kwa rangi za mafuta: mwongozo kamili, kuanzia kumpata modeli mpaka vanishi

Ukiangalia picha nyingi za mtu uchi kwenye mandhari zinazopostiwa siku hizi utaona tatizo moja linajirudia, mwili umechorwa vizuri tu, miti nayo imechorwa vizuri, ila ukivitazama pamoja mtu anaonekana kabandikwa. Karibu kila mara sababu ni mwanga. Mwili ulichorwa ndani karibu na dirisha, miti ikachorwa nje au kwa kuangalia picha ya simu, kwa hiyo jua linalopiga mti sio jua linalopiga bega. Mwongozo huu wote unazunguka jambo hilo moja, kwamba mwili na mandhari lazima vipigwe na mwanga mmoja, na kuanzia namna unavyoongea na modeli mpaka namna unavyochanganya rangi ya goti, kila kitu kinatumikia hilo.

Hata wakubwa imewatokea. Mchoraji Mfaransa Édouard Manet mwaka 1863 alipeleka kwenye maonyesho rasmi ya Paris picha kubwa ya watu wanne msituni, wanaume wawili wamevaa kabisa, mwanamke kakaa uchi kwenye nyasi anakutazama usoni, na mwanamke mwingine nyuma yuko majini. Ikakataliwa, ikaenda kutundikwa kwenye maonyesho ya waliokataliwa, na watu wakapiga kelele maana yule hakuwa mungu wa kike wa hadithi za kale, alikuwa mwanamke wa mjini wa siku zile zile. Ila mchoraji ukiitazama unaona mambo mawili zaidi. Mwanga unamjia yule mwanamke kwa mbele kama yuko stuidio, ngozi yake haina hata doa la kijani wakati kazungukwa na majani, na yule aliyeko majini ni mkubwa kuliko umbali aliopo, ukimpima na mtumbwi ulio pembeni yake unaliona hilo mara moja. Mimi naamini Manet alikusudia, maana kanuni alizijua vizuri kabla hajazivunja. Sisi tuanze na kuzijua.

Modeli na makubaliano

Usiruke sehemu hii hata kama una haraka ya kushika brashi. Modeli awe mtu mzima, miaka 18 kwenda juu, na kitambulisho ukione kwa macho yako sio kuambiwa. Andikeni karatasi, haihitaji lugha ya mahakamani, iseme tu ni masaa mangapi, malipo kiasi gani kwa saa, pozi ya namna gani, uso utaonekana au hautaonekana, picha ikiuzwa je, ikipostiwa je, wote mnasaini na kila mtu anabaki na nakala yake. Malipo ni ya muda wake sio ya matokeo yako, mvua ikinyesha katikati au picha ikiharibika analipwa vile vile. Awe na haki ya kuja na mtu wake, rafiki, dada, mume, yeyote anayemchagua yeye na sio wewe. Simu zote zikae kwenye begi. Humgusi modeli, ukitaka mkono usogee unasema au unamwonyesha kwa mkono wako mwenyewe. Na kila mkipumzika anajifunga kanga yake, hakuna stori za kukaa anaongea na watu akiwa uchi eti kwa sababu "ni sanaa tu". Kuna watu wametumia neno sanaa kuwadhalilisha wenzao na ndo maana wazazi wengi wanaisikia kazi hii kwa hofu, hofu hiyo ni halali na inaondolewa na utaratibu, haiondolewi na maneno.

Thomas Eakins, mchoraji Mmarekani wa Philadelphia, ni mfano wa kusoma kwa makini. Mwaka 1885 alimaliza picha ya wanaume wakiogelea uchi, mwili na maji na mawe vimeshikana vizuri sana, ila aliyeiagiza akaomba abadilishiwe nyingine. Mwaka uliofuata, 1886, Eakins akalazimika kuacha kufundisha kwenye chuo cha sanaa cha Pennsylvania baada ya kuondoa kitambaa cha modeli wa kiume mbele ya darasa lenye wanafunzi wa kike. Kuchora alijua kuliko karibu wote waliomzunguka, ila kazi hii inataka kila aliyepo ajue kabla ni nini kitatokea.

Halafu kuna eneo. Sheria za nchi zetu haziruhusu mtu kukaa uchi hadharani, kwa hiyo sahau ufukwe wa umma, na sahau pori ambalo unadhani halina mtu, maana pori la kwetu lina mtu daima, kuna anayechunga, kuna anayetafuta kuni, kuna watoto wanapita kwenda kisimani. Tafuta shamba binafsi lenye uzio au bustani ya mtu unayemwamini, na mwenye eneo ajue kinachofanyika, sio umwambie unakuja kuchora maua.

Kama eneo hilo huna, kuna njia ya pili na mimi naiona ni nzuri kwa wengi wetu. Unamchora modeli uani kwenye kuta ndefu, sehemu ambayo anga iko wazi juu na hakuna ghorofa ya jirani inayochungulia, na mandhari unayachora siku nyingine mahali pengine. Inawezekana kabisa mradi vitu vitatu vilingane: saa ya siku, upande jua linapotokea ukilinganisha na wewe ulipokaa, na rangi ya ardhi. Hiyo ya tatu watu wanaisahau kila siku. Kama mandhari yako ni ya nyasi, tandika vitenge vya kijani chini na pembeni ya modeli, kama ni udongo mwekundu tandika kitu cha rangi ya matofali, kama ni ufukwe tandika shuka la rangi ya mchanga. Nguo hiyo huichori, kazi yake ni kurudisha mwanga wa rangi yake kwenye mwili ili siku ukiunganisha picha mwili uwe tayari umeshapakwa na ardhi ile.

Na ukiwa huna modeli kabisa, jipe moyo kwa mchoraji Mfaransa Paul Cézanne. Waogaji wake karibu wote aliwachora bila kumweka mtu yeyote uchi mbele yake nje, alitumia skechi za zamani na michoro aliyofanya mbele ya sanamu kule Louvre, makumbusho ya Paris. Picha ile kubwa ya waogaji iliyopo Philadelphia, yenye upana wa karibu mita mbili na nusu, aliifanyia kazi miaka mingi na alikufa mwaka 1906 bila kuimaliza. Miti inalala kwa ndani kutoka pande zote mbili na miili inalala nayo, yote inafanya pembe tatu moja. Ila elewa alichokiacha ili apate hicho, ukweli wa mwanga wa saa fulani aliuachia, akachukua umbo. Ukifuata njia yake ifuate mpaka mwisho, usichanganye mwili wa kubuni na mti wa picha ya simu.

Saa ya kuchora

Mafundi wa Ulaya ya kaskazini, kwa mfano Anders Zorn wa Sweden ambaye tutamrudia sana, walikuwa na jioni za kiangazi zisizoisha, jua limelala chini masaa na masaa. Kwetu karibu na ikweta jua linapanda haraka na saa sita liko utosini. Mwanga wa utosini unaua mwili, macho yanakuwa mashimo meusi, kivuli cha matiti na cha kidevu vinaanguka chini moja kwa moja, mabega yanaungua kwa weupe na miguu inazama gizani. Fanya kazi saa moja mpaka saa tatu asubuhi, au saa kumi mpaka saa kumi na mbili kasoro jioni. Siku ya mawingu mepesi unaweza kwenda hata mchana, mwanga unakuwa laini na haukimbii, na kama ndo unaanza ningekushauri siku kama hiyo kuliko ya jua kali.

Jua linasogea nyuzi 15 kila saa. Maana yake baada ya dakika arobaini kivuli cha pua kimehama na kivuli cha mwili chini kimebadilika urefu, kwa hiyo una dakika kama arobaini za ukweli kwa siku, zinazobaki ni za kujaza ulichokwisha kuamua. Bora uje siku kadhaa saa ile ile kuliko kukaa masaa manne mfululizo ukiwa unafukuza vivuli.

Pozi chagua ambayo mtu anaiweza. Kusimama nje kwenye jua ni kazi ngumu mno, kukaa au kulala ni rahisi zaidi na kwa mandhari ni bora pia. Dakika ishirini za pozi, tano za kupumzika, maji ya kunywa yawepo, na kagua siafu kabla hujamwambia mtu alale kwenye nyasi. Weka alama chini za mahali kisigino, kiganja na kiuno vilipo, kwa chaki kwenye jiwe au kwa vijiti kwenye nyasi, ili akirudi arudi pale pale.

Skechi ndogo kwanza

Kabla ya kanvasi chora vijipicha vidogo, vya ukubwa wa kadi ya benki, penseli tu, vingi. Kwenye kila kimoja amua jambo moja: huyu mtu ni mkubwa kiasi gani ndani ya picha? Akichukua nusu ya picha, hiyo ni picha ya mwili na miti ni mazingira. Akiwa mdogo chini ya mti mkubwa, hiyo ni mandhari yenye mtu. Zote mbili ni sawa, ila katikati hapo pasipoeleweka ndo picha nyingi zinapofia.

Sasa kanuni ambayo ingemrekebishia Manet yule mwogaji wake kama angetaka. Mstari wa upeo wa macho, pale anga inapokutana na ardhi tambarare au bahari, uko sawa na urefu wa macho yako daima. Ukichora umesimama na macho yako yako mita 1.5 kutoka chini, basi kila mtu aliyesimama kwenye ardhi ya usawa huo huo, awe karibu au awe mbali mita mia, mstari ule unamkata kwenye mita 1.5 ya mwili wake, yaani mabegani au shingoni. Ukichora umekaa kwenye stuli na macho yako yako kwenye mita 1.1 hivi, mstari unawakata wote waliosimama karibu na kitovu. Ukubwa wao unabadilika, mahali wanapokatwa hapabadiliki. Kwa hiyo ukitaka kuongeza mtu wa pili kule nyuma hubahatishi, unaweka miguu yake mahali unapotaka, halafu unapandisha mpaka mstari umkate anapostahili kukatwa, urefu unajipata wenyewe. Ardhi ikiwa na mteremko unajumlisha au unapunguza, lakini anza na kanuni hiyo.

Jambo la pili kwenye skechi ni mistari kuongea. Tafuta mtandaoni ile Venus aliyelala (Venus ni mungu wa kike wa mapenzi) ya Giorgione, mchoraji wa Italia, iko Dresden, Ujerumani, ya karibu mwaka 1510. Giorgione alikufa mwaka huo na inasemekana mchoraji mwenzake Titian ndiye aliyeyamalizia mandhari. Fuata kwa kidole mstari unaoanzia kiwiko kilichoinuliwa, ushuke kifuani, upande nyongani, ushuke na mguu, halafu inua macho uangalie vilima vilivyo nyuma, utaona mteremko wa aina ile ile umerudiwa kwa upole, haukunakiliwa. Huo ni mwili uliolala kwenye ardhi iliyolala. Kwa hiyo ukishampanga modeli zunguka, usikae mahali pa kwanza ulipofika, tembea mpaka upate sehemu ambapo mgongo wake unajibizana na kitu, tawi la mwembe, ukingo wa mto, jiwe. Ukikipata hicho nusu ya picha imeisha.

Kuuchora mwili kwenye kanvasi

Kanvasi ya kwanza isizidi sentimita 40 kwa 50. Ipake kwanza rangi nyembamba ya kahawia au ya udongo na iache ikauke kabisa, maana kanvasi nyeupe chini ya jua inakuumiza macho na kila rangi utakayoweka itaonekana nyeusi kuliko ilivyo.

Chora kwa brashi na rangi iliyoyeyushwa sana kwa tapentaini, sio penseli, penseli inakuvuta kwenye vidole na kope wakati bado hujajua kiuno kiko wapi. Mtu mzima aliyesimama ni karibu vichwa saba na nusu, lakini aliyekaa au aliyelala kipimo hicho hakikusaidii sana, pima kwa kijiti cha brashi ukiwa umenyoosha mkono, linganisha paja na kiwiliwili, upana na urefu, na pima pia nafasi tupu zilizo kati ya mkono na mbavu maana zile hazidanganyi. Paja linalokuja upande wako linakuwa fupi ajabu na goti kubwa, liamini jicho lako hata kama akili inakataa.

Kitu kinachomfungia mtu ardhini ni uzito. Angalia mahali mwili unapogusa chini, tako linabonyea, nyama ya paja inatanuka, kiganja kinachobeba mwili vidole vyake vinafunguka, na nyasi nazo zimelala chini yake. Chora mgandamizo huo mapema. Mwili usiobonyea popote unaelea, hata uupake rangi nzuri namna gani.

Rangi za kwenye paleti

Zorn anajulikana kwa paleti, yaani ubao wa kuchanganyia rangi, ya rangi nne: nyeupe, oka ya njano (njano ya udongo), nyekundu ya vemilioni (nyekundu kali) na nyeusi. Hizo alizishika kwenye picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1896, unaziona kwenye paleti mkononi mwake. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe inajifanya bluu ikiwa karibu na rangi za moto, nyeusi na oka inatoa kijani cha zeituni. Kwa ngozi za wanawake wa Sweden kwenye miamba ya bahari yenye kijivu ilitosha, na mtu anayeanza ni mazoezi mazuri sana maana rangi nne huwezi kupotea. Ila kwa kijani cha migomba yetu na anga yetu haitoshi. Mimi ningekwambia chukua hizi: nyeupe ya titaniamu, oka ya njano, siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), nyekundu ya kadimiamu au ya bei rahisi inayofanana nayo, nyekundu ya zambarau ile ya alizarini, bluu ya altramarini, na njano ya limau kwa ajili ya majani. Nyeusi iache nyumbani mwanzoni, nyeusi utaipata mwenyewe kwa altramarini na siena, na itakuwa nyeusi iliyo hai.

Ngozi nyeusi chini ya jua

Hapa nataka tukae maana video nyingi za mafunzo utakazokutana nazo zimetengenezwa kwa ngozi nyeupe, na ukizifuata kwa modeli wa Dar au Kisumu utapata ngozi ya majivu. Kosa ni kuchukua kahawia na kuongeza nyeupe ili kupata upande wa jua, na kuongeza nyeusi ili kupata kivuli. Ngozi nyeusi haiendi hivyo.

Igawe mara nne. Kuna mng'ao, zile sehemu zinazometa, kwenye bega, kwenye mfupa wa shavu, juu ya goti, kwenye uti wa mgongo. Ule sio rangi ya ngozi iliyoongezwa nyeupe, ule ni kioo cha mwanga uliopo juu. Mng'ao unaotazama anga ni wa bluu baridi, wakati mwingine bluu kabisa, unaotazama jua la jioni ni wa njano ya moto. Kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi ndivyo mng'ao unavyobeba habari nyingi zaidi za anga, na kama amejipaka mafuta ndo kabisa. Hii ndo zawadi kubwa ya kuchora mtu mweusi nje, anga inaandikwa juu ya mwili wake.

Halafu kuna upande wa jua usiometa. Hapo rangi inachemka, siena na oka na nyekundu, unapandisha mwanga kwa oka na nyekundu kwanza, nyeupe kidogo mno mwisho. Halafu kuna mpaka kati ya jua na kivuli, na hapo ndipo rangi ya ngozi yenyewe inapokuwa tele kuliko mahali pengine pote, weka nyekundu iliyokolea, weka alizarini na siena, usiogope. Halafu kivuli, altramarini na siena na alizarini, ila kivuli cha nje hakiko peke yake, kinapokea. Sehemu za kivuli zinazotazama juu zinapokea bluu ya anga, zinazotazama chini zinapokea ardhi: chini ya kidevu, chini ya titi, nyuma ya paja, upande wa ndani wa mkono. Juu ya nyasi utaona kijani cha zeituni, juu ya udongo mwekundu utaona kama makaa, juu ya mchanga mweupe kivuli chote kinafunguka na kuwa cha dhahabu. Mwanga huo wa kurudi usizidi kamwe upande wa jua, ukizidi mwili unakuwa wa bati. Viganja na nyayo zina rangi yake, nyepesi na ya waridi zaidi, zichore zilivyo.

Kingine, ngozi ni nyeusi au nyepesi kwa kulinganisha na kilicho nyuma yake tu. Mtu yule yule mweusi akikaa mbele ya mchanga wa saa nne ni umbo jeusi, ukimhamishia mbele ya kivuli cha mwembe huku jua linampiga bega anawaka kuliko kila kitu kwenye picha. Kwa hiyo usichanganye rangi ya ngozi kwa kuangalia ngozi. Finya macho, angalia bega na shina la mti kwa pamoja, jiulize kipi ni cheusi zaidi, ndo uchanganye.

Na kama modeli ana ngozi nyepesi mambo ni yale yale ila madoa ya majani yanaonekana zaidi. Mchoraji Mfaransa Auguste Renoir mwaka 1876 alionyesha Paris kiwiliwili cha mwanamke aliyekaa chini ya miti, jua linapenya na kumwangukia vipande vipande, kivuli chake cha kijani na zambarau. Mwandishi mmoja wa gazeti la Le Figaro, Albert Wolff, aliandika kwamba inafanana na nyama inayooza. Leo ile picha iko kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris, na madoa yale ndo yanayotufundisha. Ukiona kijani kwenye ngozi weka kijani.

Kupaka

Weka kila kitu kwa pamoja, nasisitiza, usimalize mwili ndo uanze miti. Dakika kumi na tano za kwanza funika kanvasi yote kwa rangi nyembamba: kivuli cha miti na kivuli cha mwili kwa brashi moja na mara moja, hata rangi ikichanganyikana kidogo ni faida. Kisha anga na ardhi iliyopigwa na jua. Kisha mwili uliopigwa na jua, mwishoni, maana sasa una vya kulinganisha. Kivuli cha mwili kinachoanguka ardhini kichore umbo lake mapema na usikihamishe tena hata jua likihama, hicho ndo saa yako ya ukutani.

Tabaka la chini liwe la tapentaini nyingi, la juu liwe na mafuta ya kitani zaidi, kinyume chake rangi ya juu itapasuka ikikauka. Vivuli vibaki vyembamba, upande wa jua ndo uweke rangi nene.

Halafu kingo, na hapa ndipo mtu anapoacha kuwa kibandiko. Zunguka na jicho mwili mzima utafute mahali ambapo ukingo haupo, kwa mfano nywele nyeusi mbele ya kichaka cheusi, mgongo wenye kivuli mbele ya shina, na hapo futa mpaka kabisa, vuta rangi ya kichaka iingie kwenye nywele na ya nywele iingie kichakani. Tafuta pia sehemu mbili tatu ambapo ukingo unakata kweli, kawaida ni bega la jua mbele ya giza, huko kaza. Pengine pote pawe katikati. Nyasi zipite mbele ya mguu, sio mguu ukae juu ya nyasi zote. Jani moja litupe kivuli chake kwenye paja, kivuli hicho kikifuata mviringo wa paja kinakufanyia kazi mbili kwa wakati mmoja, kinaonyesha umbo na kinamfunga mtu kwenye mti.

Kwenye maji mwangalie Zorn. Mwaka 1888 alichora wanawake uchi kwenye miamba kando ya bahari, na kwa miaka mingi baadaye akaendelea na somo hilo. Mwili uliolowa una mng'ao mdogo na mkali, sio mpana. Taswira ya mtu kwenye maji, ile inayorudi kama kwenye kioo, inashuka wima chini yake hata kama jua linatoka pembeni, na ndani ya taswira hiyo kitu chenye mwanga kinaonekana cheusi kidogo kuliko kilivyo na kitu cheusi kinaonekana chepesi kidogo. Mguu ulioko chini ya maji unakuwa mfupi, unageuka rangi kuelekea rangi ya maji, na pale maji yanapokata ngozi kuna mstari mwembamba wa mwanga, uchore ukiwa umekatika katika, sio kamba nzima.

Ukirudi nyumbani

Igeuzie picha ukutani siku mbili tatu usiitazame. Ukiigeuza iangalie kwenye kioo, makosa ya vipimo yanajitokeza yenyewe. Ruhusu mkono wako urekebishe vipimo, kingo, na ukubwa wa vitu vya nyuma, lakini rangi za mwanga ulizoziona nje usiziguse, ndani ya nyumba utazipooza bila kujua maana balbu inakudanganya. Rangi ikiwa nyembamba inashikika baada ya wiki hivi, iliyo nene inachukua zaidi, na vanishi ya mwisho subiri miezi sita au zaidi.

Kabla hujaipost wala kuipeleka kwenye maonyesho rudi kwenye ile karatasi mliyosaini, na hata kama inaruhusu mpigie modeli simu, mwambie inakwenda wapi na lini. Kwa Tanzania kumbuka kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayogusa picha za ngono, na mchoro wa heshima sio ngono lakini hutaki kuwa wewe wa kulieleza hilo kituoni, kwa hiyo post kwa busara, weka maelezo ya kazi, na kama uliwahi kupiga picha ya kumbukumbu kwa ruhusa yake isitoke kwenye kifaa chako, ifute kazi ikiisha. Nyuma ya kanvasi andika mwaka, mahali, saa ya siku na upande jua lilikotokea. Jina la modeli liandike pale tu alipokubali.